Kiwiko cha Mama kwenye Mlango wa Lori

Zamani zetu kioo cha gari kilipandishwa kwa mkono, na mtoto aliyeruhusiwa kukizungusha alikuwa mtoto mwenye cheo. Nawaandikia ninyi wa rika langu, mliokulia upande huu wa ziwa, mliolitambua lori la pua kwa mngurumo wake likiwa bado mbali, mkatoka mbio bila viatu kwenda kulipungia mkono na kurudi nyumbani weupe kwa vumbi. Vijana wa leo wanabonyeza kidude, kioo kinashuka chenyewe, na bado wanalalamika kwamba kinashuka taratibu. Siwalaumu sana, kila kizazi kina mateso yake.

Baba yetu alikuwa na lori la namna hiyo. Lilikuwa la Kiingereza, kichwa cha kijani kilichopauka, taa mbili zimetokeza kama macho ya chura. Tuliishi Usagara, nyuma kidogo ya njia panda, na lori lililala uani karibu na jiko la mama, hata sare zetu za shule zikawa zinanukia dizeli. Mwalimu wetu wa darasa la tatu alikuwa akivuta hewa tu mlangoni anasema watoto wa dereva wameshafika. Wenzetu walicheka, nasi tulijiona wakubwa kuliko watoto wa mwenyekiti wa kijiji.

Raha yenyewe ilikuja likizo ya mwezi wa sita, msimu wa pamba. Baba alikuwa akivuka ziwa kwa pantoni, kutoka Kigongo hadi Busisi, kwenda kubeba pamba ng'ambo na kuileta kiwandani Mwanza, na kwa kuwa kwao mama ni ng'ambo huko huko, safari moja moja tulikwenda wote. Baba kwenye usukani. Kaka yangu Masanja katikati, miguu kaipanua kupisha gia. Halafu mimi, Kabula, nimebanwa kama kiazi kwenye gunia. Mama mlangoni, dirishani, upepo wote wa dunia ukimpiga yeye.

Nililililia dirisha lile. Nililia Usagara, nikalia Kigongo, nikanyamaza njaa iliponishika. Baba alikuwa na jibu moja ambalo hakulibadilisha mpaka nimekua: "Mlango wa gari si ukuta. Usiuegemee." Na wakati anasema hivyo, mama alikuwa ameuegemea mlango ule ule kwa mkono mzima, kiwiko kimezama kwenye ngozi laini. Nikahitimisha kwa akili za miaka minane kwamba sheria zimetungwa kwa ajili ya watoto, na wakubwa wamejitungia raha.

Maana mlango wa mama ulikuwa na raha kweli. Mlango wa baba ulikuwa bati tupu kwa ndani, jua likiwaka unaunguza. Wa mama ulivalishwa ngozi ya rangi ya chai ya maziwa, imejaa kidogo kama mto wa kulalia, na pale pa kuweka mkono palikuwa na kishimo kilichoenea kiwiko chake sawasawa. Kitasa chake ndicho kilikuwa kibovu. Miaka ile maduka yalikuwa na rafu na muuzaji, bidhaa hakuna, na kitasa cha lori la Kiingereza ungekipata ndotoni. Baba alikifunga kwa mpira wa tyubu, akakaza, akapiga fundo, tukaondoka tukiimba.

Foleni ya pantoni ilikuwa nusu siku, na hakuna mtoto aliyeilalamikia. Tulicheza gololi chini ya malori ya watu, tukacheza kombolela kati ya magurudumu makubwa kuliko sisi. Kulikuwa na sato wa kukaanga anayewaka pilipili, mayai ya kuchemsha na chumvi kwenye kipande cha gazeti, karanga za kupima kwa kikombe. Mama alifungua khanga akatoa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, amevipika na karanga za kutwanga. Tulikula kwa mikono yenye vumbi na hatukuugua. Leo mtoto anapakwa dawa viganjani kabla ya kushika ndizi yenye ganda.

Baba alifariki nikiwa tayari mwalimu, Masanja akiwa na gereji yake. Msibani akatokea Mzee Lufunga wa Kigongo, binamu yake baba, mtoto wa shangazi yake. Kwetu binamu ni mtani, na mtani akija msibani anakuja kuwachekesha wafiwa kwa nguvu. Siku ya pili ya matanga alikwenda uani na bisibisi, akafungua ule ubao wa ndani wa mlango wa mama, akaubeba kichwani akizunguka katikati ya waombolezaji. Akatangaza kwamba ndugu yake kamwachia urithi, na watoto wa marehemu wakiutaka wakaukomboe kwa michembe ya karanga, wapike kwa mikono yao wenyewe.

Wazee walicheka mpaka wakafuta machozi. Ndivyo inavyotakiwa. Masanja hakucheka. Alisimama mbele ya watu akamwita mzee yule mwizi, na mimi msomi, mwalimu wa watoto wa watu, nikasimama upande wa kaka yangu nikaongeza la kwangu. Mzee Lufunga alitutazama mmoja mmoja, akaondoka na ubao wake kichwani bila kusema neno, na mtani anayeondoka bila neno ni jambo zito kuliko matusi. Mama alituambia tu kwamba tutakwenda kuukomboa wenyewe. Hatukwenda. Mwaka ukazaa mwaka. Lori likabaki uani, mlango wa mama utumbo nje, kuku wakataga mle ndani.

Kisha macho ya mama yakaanza kuondoka. Presha ya macho, walisema hospitali, na ilipogunduliwa ilikuwa imeshakula vya kutosha. Sasa anajua mchana na usiku, basi. Wakati macho yake yanazimika, daraja lilikuwa linajengwa pale pale pa pantoni, na lilipofunguliwa kila mtu alikuwa na gari la kumpeleka ng'ambo kwa dada yake, ndugu pekee aliyebaki naye duniani, ambaye naye hatembei tena. Mama alikataa magari yote. Alikataa ya Masanja, akakataa ya paroko. "Pale nilivuka kwa lori la baba yenu," alisema. "Nitavuka kwa hilo au sivuki."

Tulidhani ni ukaidi wa uzee, utapita. Haukupita. Dada yake alipoanza kudhoofika, Masanja aliingia chini ya lori akakaa huko karibu mwaka mzima. Injini ikawaka. Breki zikashika. Hata kitasa kipya kilipatikana, kimetoka kwa muuza vyuma chakavu, akakifunga na kukijaribu mara mia. Ukabaki mlango wa mama kwa ndani, nami nikasema hapo niachieni, maana mama hatauona mlango ule, ataugusa. Mkono wake ukikataa, safari imekufa, na yule dada ng'ambo hana muda wa kutusubiri.

Tukaenda kwa Fundi Magesa, mtu wa Mara mwenye kibanda cha kushona viti vya magari karibu na stendi ya Nyegezi. Alitumwagia vitambaa mezani. Masanja akaangukia ngozi ya bandia nyeusi, iliyoshonwa kwa umbo la almasi kwa uzi mwekundu, ndiyo mtindo wa sasa. Nilimwambia inafanana na sebule ya bwana harusi. Yeye akasema angalau haitanuka mbuzi kama ninayoitaka mimi. Tulikuwa na miaka zaidi ya mia moja kwa pamoja na tuligombana vile vile kama tuko kwenye foleni ya pantoni.

Fundi Magesa alituacha tuchoke, akachukua kipande cha hadibodi, ule ubao wa unga wa mbao, akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji, akatuagizia chai. Tulipomaliza chai alikitoa kimevimba kama andazi, kikamegeka mikononi mwake. Akatueleza kwa upole kwamba mlango wa gari hunywa maji kila mvua, yanateremka na kioo yanaingia ndani, kwa hiyo kitambaa si hoja, hoja ni ubao. Akauliza baba yetu alitumia ubao gani. Masanja akasema plaiwudi ya masanduku ya chai. Mimi nikasema mninga. Kuhusu ngozi, yeye alikumbuka ndama, mimi mbuzi. Watoto wawili wamekua kwenye lori moja, na hakuna aliyejua.

Tulipomuuliza mama, alikuwa anachambua mchele kwa vidole. "Mnaniuliza mimi," alisema, "na mwenye nao yupo Kigongo?"

Basi tukapika michembe. Mama alikaa kwenye kigoda akitawala kwa pua, akisema ongeza maji, punguza kuni, hiyo imeshika chini. Masanja, mwenye wajukuu na kitambi, alitwanga karanga kwenye kinu huku majirani wanachungulia. Tuliiweka kwenye hotpoti na kuifunga kwa khanga ya mama, kama zamani.

Kutoka nyumba ya Mzee Lufunga daraja lote linaonekana. Nilikuwa sijasimama nikalitazama hivyo, nimezoea kulisikia redioni. Lilianzia miguuni petu likaenda juu ya maji mpaka likawa uzi, magari yakipita juu yake madogo kama punje, na pale ambapo sisi tulipoteza utoto wetu wote tukisubiri, hapakuwa na mtu anayesubiri kitu. Nilisahau hata kubisha hodi. Mzee Lufunga mwenyewe ndiye aliyetuita ndani, akisema daraja halikimbii.

Tulimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kutabasamu. Masanja alipiga goti chini na hotpoti yake.

"Mzee, nilikuita mwizi msibani," alisema. "Nimekuja kuukomboa ubao, na kukuomba msamaha."

Mzee Lufunga alifungua kifuniko akanusa. "Wewe ulinikosea," alisema. "Baba yako kanikosea zaidi, kafa kabla yangu. Lete kijiko."

Alikula yote mbele yetu, akilalamika kila tonge kwamba karanga hazijatwangwa vizuri na kwamba mwalimu afundishe hesabu, mapishi aachane nayo. Nililia pale pale kwa furaha, sioni aibu kusema. Alipofuta mdomo alitupeleka chumbani. Ubao ulikuwa umesimama ukutani kichwani mwa kitanda, na alikuwa akiuegemea kila jioni akisikiliza taarifa ya habari. Alisema baba alimkataza kuegemea mlango ule miaka yote aliyopanda lori lake, na sasa amelipiza.

Chini ulikuwa umeliwa na mchwa, haukufaa kurudi mlangoni. Tuliomba kuuazima uwe kipimo. Fundi Magesa aliufungua kibandani kwake, na hapo ndipo nilipomjua baba yangu, mimi niliyedhani nimemzika nikiwa namjua.

Ngozi ilikuwa ya mbuzi. Masanja alikohoa tu. Chini yake kulikuwa na pamba, pamba yetu ya msimu, imesokotwa nyuzi nyuzi na kukandamizwa kwenye kila ungio kama wanavyoziba mitumbwi isivuje. Chini ya pamba, ubao wa mvule kutoka kwenye ubavu wa mtumbwi mkuukuu, umerandwa mwembamba kama kidole cha mtoto, mgongo wake umepakwa lami. Misumari ilikuwa ya shaba, haina hata chembe ya kutu, na kati ya mmoja na mwingine palienea gumba moja, kote, bila kukosea. Fundi Magesa aliipima yote kwa gumba lake, akarudi mwanzo akaipima tena. Kisha akavua kofia.

"Huyu hakutengeneza mlango," alisema. "Huyu aliunda mtumbwi."

Kumbe kabla ya lori baba alikuwa akiunda mitumbwi na Mzee Lufunga, mzee mwenyewe alitueleza baadaye, na baba hakuwahi kututajia. Wazee wetu hawakuwa na tabia ya kujieleza. Leo kijana akichemsha yai anapiga picha.

Lakini lililonishangaza kabisa ni kile kishimo cha kiwiko. Maisha yangu yote niliamini mkono wa mama ndio uliokichimba kwa kuegemea. Sivyo. Pale baba aliuacha ubao mnene makusudi, akauchimba kwa patasi, alama za patasi bado zilikuwepo, ndogo ndogo kama kucha. Alipima mkono wa mke wake akamchongea mahali pa kuuweka. Mlango wake mwenyewe ukabaki bati.

Baada ya hapo hatukuwa na cha kubishania. Mzee Lufunga alitupatia mbao za mtumbwi uliooza ufukweni kwake, shamba la shemeji yangu huko Misungwi likatoa pamba, ngozi ya mbuzi nikaichagua mwenyewe, nikaipapasa macho nimeyafumba ili nisidanganywe na rangi. Misumari ya shaba ndiyo iliyotutoa jasho, tukaiokota mmoja mmoja kwenye mitumbwi ya zamani. Ulipofika wakati wa kuchimba kishimo, Fundi Magesa alikuja nyumbani kumpima mama. Mama aliunyoosha mkono wake, ukawa kama fimbo ndani ya mkono wa gauni, akaurudisha.

"Wangu umekwisha," alisema. "Pima wa Kabula."

Nilidhani anamaanisha kwamba tumefanana mikono. Ubao wa zamani tulimrudishia Mzee Lufunga, kwa kuwa alidai michembe ilikuwa ya kuuona tu, wa kuuchukua tungeleta mbuzi.

Siku ya safari mama alivaa gauni la kanisani. Tulimpandisha upande wa mlango, kama siku zote. Alipeleka kiganja juu ya ngozi taratibu, akashuka na misumari akihesabu kwa ncha za vidole, akafika kwenye kishimo akakaa hapo. Mkono ule ulikuwa unamtafuta mtu, na sikujua tumemleta au tumeleta ubao tu.

"Ni mwenyewe," mama alisema. "Sasa nisogezeni katikati. Kabula, kaa wewe mlangoni."

Zaidi ya miaka hamsini nimelililia dirisha lile. Nilipanda, nikafunga mlango, nikaweka kiwiko, kikazama mahali pake. Jamani, baba alijua kazi.

Tulipita Kigongo, tukaliacha lile eneo la foleni, pale kwenye gololi zetu na sato wetu, sasa ni majani tu na mbuzi wawili. Lori likapanda darajani. Nilikuwa nimejiandaa kwa safari, mwenzenu, kwa ile nusu siku ya zamani, kwa mtu kuuza mayai, kwa baba kulala chini ya bodi kofia usoni, na kumbe ni dakika chache tu unakuwa ng'ambo. Sikatai maendeleo. Wagonjwa waliofia foleni ile wangekuwa hai. Ila tulikuwa tunavuka tukiwa tumeshibana, tunajuana majina na wenzetu wa foleni mpaka majina ya kuku wao, na leo magari yanapishana juu ya maji vioo vimefungwa, kila mtu na kiyoyozi chake.

Tulipofika kama katikati, mama aliinua uso kwenye upepo.

"Kabula, niambie ziwa likoje," alisema. "Miaka yote ile nilikaa dirishani, sikuwahi kuliona. Nilikuwa naangalia kitasa."

Masanja alipunguza mwendo. Nikafungua kinywa nimjibu, nimweleze maji na visiwa na ndege weupe, nikakuta sina cha kumwambia. Kitasa kilikuwa kipya, kimejaribiwa mara mia, na tangu lori lipande darajani nilikuwa sijakiondolea macho.